Mkohoaji wa Wilaya

Iko nchi ambayo haina haja ya kutajwa, maana jina lake lenyewe liko kwenye matengenezo, na kibao cha mpakani kimeandikwa tu: "Karibuni. Samahani kwa usumbufu." Ni nchi nzuri. Ina mito, ina ng'ombe, ina ufuta mweupe unaosifiwa hadi ng'ambo, na ina Wizara ya Umaskini.

Nchi nyingine zina wizara za kupambana na umaskini. Nchi hii nayo ilipambana kwa muda, ikaona hasara. Umaskini ulipopungua kidogo upande wa kusini, wageni waliokuwa wakija kuutazama nao wakapungua, pamoja na magari yao, semina zao, na kuku wa kukaanga wa kwenye semina. Wakubwa wakakaa kikao cha dharura hotelini, wakatoka na azimio: umaskini ni rasilimali ya taifa kama walivyo tembo, na rasilimali haipigwi vita, inahifadhiwa. Azimio likapigiwa makofi. Hata tembo, kama wangealikwa, wangepiga.

Katika kuhifadhi huko, kijiji cha Ndalamba kikateuliwa kuwa Kijiji cha Mfano. Watu wa Ndalamba hawakuwa wameomba. Walikuwa wakulima wa ufuta, na shida yao haikuwa siri: barabara. Ufuta ulivunwa, ukajazwa maguniani, ukakaa ukingoja gari mpaka mvua ikaukuta palepale. Mnunuzi aliyeweza kufika alikuwa mmoja tu, mwenye trekta, na kwa kuwa alikuwa peke yake alitaja bei huku akitazama pembeni. Lakini maelezo hayo yalionekana mepesi mno kwa wasomi. Akaja mtaalamu akagundua kwamba watu wa Ndalamba ni maskini kwa sababu ya mawazo yao. Baadaye akaja mwingine, mama mpole mwenye kofia pana, akagundua ni kwa sababu hawajapata kukaa wakajiuliza. Basi wakakaa, wakajiuliza.

"Ni barabara," wakasema.

Mama yule akashauri wajiulize tena. Kisha akapanda gari lake, ambalo ndilo gari pekee lililopita barabara ile msimu mzima. Lilikuwa limekuja kuuliza kwa nini ufuta unaoza.

Nyumba ya kwanza kabisa ukishuka garini ilikuwa ya Nyamizi, mama mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na moyo wa kushtuka upesi. Mtu akipiga chafya njiani, yeye alikuwa ameshagusa paji la uso la mtoto wake. Mumewe, Masele, alikwenda machimboni kutafuta, na mpaka leo anatafuta. Mtoto alikuwa mmoja, Kalunde, msichana wa darasa la pili mwenye macho makubwa.

Kwa kuwa wageni wengi walikuwa na viatu visivyopenda kutembea, nyumba ya Nyamizi ikafanywa Nyumba ya Mfano ya Kijiji cha Mfano. Wizara ikaja kuikagua. Ilipenda ufa wa ukutani, ikapenda mlango wa debe, lakini kilichowamaliza kabisa kilikuwa tundu la paa. Nyasi zilikuwa zimeoza, zikaacha uwazi wa kutosha kupitisha beseni, sawasawa juu ya kitanda cha Kalunde. Mpiga picha wa Wizara alijilaza chali pale kitandani na viatu vyake, akatazama mbingu, akasema katika kazi yake yote hajaona tundu lenye mwanga mzuri namna ile. Kesho yake kikaletwa kibao, kikapigiliwa mlangoni: MALI YA SERIKALI. NI MARUFUKU KUZIBA.

"Hongera, jirani," alisema Sikudhani, mwanamke wa nyumba ya ng'ambo ya njia, akiwa ameshika kiuno. "Wengine matundu tunayo tangu tunaolewa, hakuna hata aliyechungulia."

"Nikugawie?"

"Tundu la serikali linagawika? Wewe kula na wenzio wa mjini."

Walicheka. Walikuwa majirani wa kuombana chumvi na moto, na Semeni, mtoto wa Sikudhani, alikuwa akicheza na Kalunde tangu wote wawili wanatambaa.

Siku ya wageni ilikuwa na utaratibu wake. Mgambo alipita asubuhi akipuliza filimbi na kupaza sauti, "Jipunguzeni! Jipunguzeni!" Nao watu wakajipunguza. Baiskeli, magodoro, redio, mbuzi walionona, vyote vilifungiwa katika chumba cha darasa la nne, na darasa la nne likaenda nyumbani. Mbwa wa Sikudhani, aliyekuwa amenenepa kwa sababu ambazo hazikueleweka, alihamishiwa kijiji cha pili kwa shemeji. Kisha Afisa Hali Duni wa Wilaya, Bwana Hilari, akagawa nguo zilizochanika kutoka bohari ya serikali. Wageni wakishaondoka, nguo zilirudishwa zikiwa zimefuliwa, na machaniko yake yakakaguliwa. Mzee Lubango aliwahi kurudisha shati ambalo kiwiko chake alikishona kwa nia njema kabisa. Akapewa onyo kali kwa kuharibu mali ya umma.

Huyo Bwana Hilari hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe. Alikuwa mnene, mpole, mwenye leso kubwa ya kujifutia jasho, na mfukoni hakukosa pipi za watoto. Maagizo yake yalikuwa madogo madogo tu. Aliagiza kwa mfano kwamba siku hiyo watu wote wapikie kuni mbichi, ndani ya nyumba, ili moshi uonekane kwenye picha.

Moshi huo ndio uliomkohoza Kalunde mara ya kwanza. Wageni walikuwa wamesimama mlangoni, mkubwa wao anatoa pole kwa hotuba, Bwana Hilari anajifuta uso, mara mtoto akashikwa na kikohozi. Akakohoa kidogo, akajaribu kuzuia, kikamshinda, kikatoka kirefu chembamba, kisha akamtazama mama yake kwa yale macho. Mgeni mmoja wa kike akaziba mdomo. Mwingine akavua kofia. Kamera zikalia kama mvua ya mawe. Jioni ile Ndalamba walipata unga, mablanketi, na jiwe la msingi la zahanati.

"Mama Kalunde," Bwana Hilari alisema, bado ana machozi, "hazina yote hii unayo ndani ya nyumba, na umekaa kimya!"

Tangu hapo Kalunde akawa na kazi. Bwana Hilari mwenyewe alikuwa akija kumfundisha, anakaa kwenye kinu kilichogeuzwa, anamweka mtoto mbele yake.

"Usianze mapema, mwanangu. Unaningoja nitoe leso. Nikijifuta uso, hapo ndipo. Kwanza kidogo, kama unayezuia. Halafu unakiachia. Kikiisha unamtazama nani?"

"Mama."

"Mama! Usimtazame mgeni hata siku moja. Ukimtazama mgeni itaonekana unaomba."

Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika. Watu walikuwa wakijaa uani kumwangalia akifanya mazoezi, na akimaliza wanapiga makofi, na Nyamizi naye anapiga, tena anapiga kuliko wote. Mama gani asingepiga? Mtoto wake ambaye shuleni hakuwahi kupewa hata penseli, leo anavishwa skafu ya rangi za taifa na kuitwa Mkohoaji wa Wilaya. Picha yake ikatoka kwenye kalenda ya Wizara, mwezi wa mvua, akiwa amejikunja chini ya lile tundu.

Sikudhani hakufurahi. Alimkamata Bwana Hilari njiani.

"Kwani wangu ana kasoro gani? Semeni anakohoa, tena chake kina makohozi. Semeni! Hebu mkoholee afisa."

Semeni akakohoa. Bwana Hilari akasikiliza, kichwa amekiinamisha kama mtu anayepima mlio wa chungu dukani.

"Sauti anayo, mama," akasema kwa upole. "Lakini hana huzuni. Aendelee kujitahidi."

Kilichomshtua Nyamizi kilikuja siku ambayo haikuwa ya wageni. Alikuwa akipepeta mtama, Kalunde anasugua sufuria, mara kikaanza: kidogo, kama anayezuia, halafu kikaachiwa.

"Acha mchezo, Kalunde. Leso imetoka?"

"Sichezi, mama."

"Ndiyo nini sasa?"

"Kinakuja chenyewe."

Nyamizi akaacha ungo, akaweka kiganja mgongoni mwa mtoto. Kulikuwa na kitu kinakwaruza mle ndani, kama kuku anayechakura uvunguni. Basi tangu hapo hakupata tena usingizi wa kueleweka. Mvua zilipoanza, maji yalishuka tunduni moja kwa moja hadi kitandani. Akakisogeza kitanda. Wakaguzi wakakirudisha, maana kwenye kalenda kitanda kiko chini ya tundu. Akamlaza mtoto upande wake yeye, lakini unyevu haukuwa na adabu, ulipanda kuta zote.

Na mabati alikuwa nayo. Alikuwa ameyapata kwa ufuta wake mwenyewe, msimu ule mmoja ambao trekta liliwahi mvua. Ila aliyapeleka darasa la nne siku ya kujipunguza, na kwa kuwa wageni walifuatana bila kuacha nafasi, mabati hayakutoka tena. Darasa la nne lilikuwa limejaa utajiri wa Ndalamba, na wenye darasa walishaingia la tano bila kulisoma.

Akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa Bwana Hilari.

"Karibu, Mama Mkohoaji! Keti, keti. Nyota wetu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Nimekuja kwa ajili ya tundu."

"Limefanya nini?"

"Linavuja."

Bwana Hilari akamwangalia kwa huruma. "Mama, si ndiyo kazi yake?"

"Nataka kuliziba. Mabati ninayo."

Afisa akainuka, akafunga mlango, akashusha sauti. "Mabati unayo? Nani mwingine anajua?"

"Mtoto anaumwa, Bwana Afisa. Anakohoa kweli. Anakohoa hata mkiwa hampo."

"Hata tukiwa hatupo?" Leso ikatoka. Alikuwa ameguswa kwa dhati. "Mtoto mzalendo yule. Wafanyakazi wangu mimi mpaka wasimamiwe."

"Nataka nimpeleke hospitali."

"Ili iweje?"

"Ili apone."

Bwana Hilari akakaa, akakunja mikono juu ya tumbo, akazungumza taratibu kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mama Kalunde, tuelewane kikubwa. Karibuni hivi wanakuja Wageni Wakubwa. Hawa si wa fulana, hawa ni wa tai. Wanakuja kwa ajili ya zahanati. Wakimsikia mtoto, zahanati inajengwa. Zahanati ikijengwa, mtoto anatibiwa. Sasa wewe ukimponya leo, zahanati ijengwe kwa kikohozi cha nani? Uwanyime watoto wote wa Ndalamba tiba kwa sababu ya mtoto mmoja? Hapana, mama, wewe si mchoyo hivyo."

Nyamizi akatazama dirishani. Nje palikuwa na kiwanja cha zahanati, na kiwanjani mawe ya msingi yamepangana mstari mrefu, kila moja na jina la mheshimiwa wake na tarehe yake. Wanawake walikuwa wameanika mihogo juu yake, kwa sababu ni laini na yanashika joto.

"Yale mawe, Bwana Afisa, si ya zahanati hiyohiyo?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Bwana Hilari kwa fahari. "Hakuna zahanati nchi hii yenye msingi imara kama ule."

Kulipopambazuka Nyamizi alimfunga Kalunde mgongoni kama mtoto mchanga, akavuka daraja kwenda wilaya ya jirani, ambako kuna hospitali yenye kuta na paa.

Wilaya ile ilikuwa imeshika njia nyingine. Mkuu wake alikuwa mtu wa vitendo, akaumaliza umaskini kwa tangazo. Gari la vipaza sauti lilizunguka mitaa yote likitangaza kwamba mwisho ni Ijumaa, na Ijumaa ilipofika ukaisha. Ombaomba wa sokoni wakaitwa wajasiriamali wa huruma, wakapewa vitambulisho. Mama lishe aliyelalamika kwamba anashinda njaa aliulizwa mbele ya watu kama anamkanusha Mkuu wa Wilaya, akasema hapana, ameshiba.

Hospitalini kulikuwa na ubao mkubwa: MATIBABU NI BURE KWA MASKINI. Chini ya ubao hapakuwa na mtu. Karani alikuwa anachokonoa meno.

"Sisi ni maskini," Nyamizi akamwambia, akihema.

"Wa wapi?"

"Wa Ndalamba, ng'ambo hapo."

"Huko wapo, nasikia, wazuri sana. Lakini ukishavuka lile daraja, mama, umetoka kwenye umaskini. Hongera. Utalipa kama watu wengine."

"Sina cha kulipa."

"Mama, unaitafutia wilaya maneno?"

Hapo daktari akapita, kijana aliyevaa koti jeupe, kikombe cha chai mkononi. Akamwona Kalunde. Akatazama kalenda ukutani, akamtazama tena.

"Haa! Si yule wa mwezi wa mvua? Jamani, njooni! Mkohoaji wa Wilaya katutembelea!"

Wakaja wauguzi, akaja mfagizi, karani akasimama. Wakawazunguka. "Hebu tukoholee kidogo, binti," daktari alisema. "Kidogo tu, tukuone kwa macho."

Kalunde akamtazama mama yake kumwuliza. Kabla hajajibiwa, kikaja chenyewe. Kilimkunja, kikamshusha hadi akashika mguu wa meza, kikamzungusha, kikaisha, kikaanza upya. Na wale watu wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo mweupe, wengine machozi yanawalengalenga. "Kipaji!" alisema karani. "Kipaji kimezaliwa huko porini!"

Nyamizi alisimama katikati ya yale makofi. Aliyajua. Alikuwa ameyasikia uani kwake, mikono ikiwa ni yake.

Daktari, kwa utani, akatoa kifaa chake cha kusikilizia mapigo, akakiweka mgongoni mwa mtoto awaonyeshe wenzake jinsi kazi inavyofanyika. Tabasamu lake likabaki mdomoni kwa muda, halina kazi. Akahamisha kifaa. Akasikiliza tena. Kisha akawaambia wote watoke.

"Mama," alisema walipobaki watatu, hamtazami usoni, "huyu haigizi."

"Ndiyo niliyokuja kusema."

"Kifua kimejaa moshi na unyevu. Hakijaharibika, ila kimeshashika njia. Alale pakavu. Moshi asiuone. Dawa nitakupa, anywe mpaka iishe." Akasita. "Na asikohoe kwa kuagizwa tena. Kifua cha mtoto kikizoeshwa kuanza, kinasahau kuacha. Usimkohozeshe."

"Anayemkohozesha ni serikali."

"Serikali inalala naye nyumba moja?"

Daktari alifungua kabati, akatoa dawa, akawapeleka kwa karani wasajiliwe kama wasanii waliokuja ziara. Wasanii walitibiwa bure katika wilaya ile, mradi wasiimbe habari za njaa.

Siku aliyorudi Ndalamba, Nyamizi hakupitia kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja darasa la nne.

"We mama, leo si siku ya kutoa," mgambo akamwambia.

"Najua. Puliza filimbi."

Akabeba mabati yake kichwani, moja baada ya jingine, mchana kweupe, yanawaka jua kijiji kizima. Watu walifunga madirisha kama unapita msiba. Ni Mzee Lubango tu, yule wa kiwiko, aliyekuja na nyundo na ngazi, akamshikia. Misumari ilipopungua Nyamizi alishuka, akang'oa ya kwenye kibao cha serikali, akapanda nayo.

Dawa ilinywewa. Kuni mbichi zikakatazwa kuingia mlango ule. Mvua ilinyesha, Kalunde akalala pakavu, na taratibu yule kuku wa kifuani akaacha kuchakura.

Bwana Hilari alifika siku moja kabla ya Wageni Wakubwa. Aliona mng'aro tangu garini. Alishuka, akatembea hatua chache, akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kunyooshwa.

"Mama Kalunde, umeniua. Umeua wilaya nzima. Shusha hayo mabati."

Nyamizi alikuwa amekwishapanda juu ya paa, amekaa, nyundo mapajani.

"Yashuke na mimi. Wageni watanikuta hapahapa juu. Watauliza ninafanya nini, nami nina mdomo."

Afisa akafikiri. Alijifuta uso, kwa mazoea akatega sikio, hakikuja kitu. Lakini mtu hapewi cheo bure katika nchi ile, na Bwana Hilari alikuwa na akili. Kabla ya jua kuzama gari la Wizara lilikuwa limeleta nyasi, nyasi kuukuu za kuoza vizuri, na vijana wakaziezeka juu ya mabati, bati lote likafunikwa. Ndani, mchoraji akapaka duara la masizi na kuzungushia mwanga kwa chokaa, ukitazama ungeapa ni tundu. Ikawa ndiyo nyumba pekee nchini iliyoezekwa na serikali, na serikali iliiezeka ili isionekane kwamba imeezekwa.

Kesho yake Wageni Wakubwa wakaja na tai zao. Kalunde aliketishwa kwenye kigoda, na skafu yake. Moshi ulikuwa unafuka kutoka nyumba zote isipokuwa moja. Mkubwa wa wageni akatoa pole. Bwana Hilari akatoa leso.

Akajifuta uso.

Kimya. Jogoo akawika mahali fulani.

Akajifuta tena, paji, mashavu, shingo. Alijifuta mpaka uso ukakauka kama ngozi ya ngoma. Kalunde alikuwa amekaa vizuri, anapumua kwa pua, kama mtoto yeyote.

Mgeni akainama, akauliza kitu kwa lugha yao. Mkalimani wa Wizara akatafsiri: "Anauliza unasumbuliwa na nini."

"Sisumbuliwi," Kalunde akasema. "Nimepona. Mama ameezeka."

Mkalimani akakohoa kusafisha koo, akatafsiri kwa kirefu sana. Mgeni akatikisa kichwa kwa majonzi. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba aliambiwa mtoto ameumwa mpaka sauti ya kukohoa imemkauka. Hata hivyo haikutosha. Kikohozi cha kusimuliwa hakipigiki picha. Kamera zikashuka. Mgeni mmoja akaangalia upande wa magari.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, roho mkononi, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akahisi inarudi mahali pake. Alimwona Bwana Hilari anageuka, leso ameishika juu, anatafuta kwenye umati kama mtu anayezama.

Na kwenye umati, nyuma, kikasikika. Kidogo, kama cha mtu anayezuia. Halafu kikaachiwa, kirefu, chembamba.

Alikuwa Semeni. Alikuwa amejitahidi. Wiki zote zile Sikudhani alikuwa akipikia kuni mbichi hata siku zisizo za wageni, mlango umefungwa, na sasa mtoto alikuwa na sauti na alikuwa na huzuni. Alipomaliza hakumtazama mgeni yeyote. Alimtazama mama yake.

Wageni wakageuka wote kwa pamoja. Kamera zikapanda. Tai zikalegezwa. Sikudhani akapiga kigelegele kimoja, akakumbuka ni huzuni, akakikata katikati. Mchana ule likawekwa jiwe la msingi jipya, kubwa kuliko yote, na skafu ikahamishwa shingo.

Jioni Sikudhani alibisha hodi. Alikuwa amevaa khanga mpya.

"Jirani, ya nyuma tuyaache. Nimekuja kujifunza. Huyu wako alikuwa anakianzia kooni au kifuani? Maana Semeni naona anachoka upesi."

Nyamizi akamkalisha. Akamwambia yote: moshi, unyevu, daktari, makofi ya hospitalini. Akamshika mkono, akamvuta mpaka kitandani, akamwekea kiganja mgongoni mwa Kalunde aliyelala. "Sikia kulivyo kimya humu. Hapakuwa hivi. Dada, mwondoe mtoto kwenye moshi. Mlete alale hapa, ni pakavu, wawili wanatosha. Nakuomba."

Mkono wa Sikudhani ulikaa pale mgongoni kwa muda. Macho yake yaliyumba. Kisha akautoa mkono, akacheka.

"Nyamizi bwana! Ulipokuwa unapiga makofi wewe, kifua hakikuwepo? Kimekuja kuwa na moshi leo, kilipokuwa cha Semeni?"

Nyamizi akamfunika Kalunde blanketi.

"Wivu hauna dawa, jirani. Lala salama." Akajifunga khanga vizuri, akavuka njia kwa mwendo mwepesi kama anayekwenda harusini. Mlangoni kwake, kile kibao cha serikali kilikuwa kimeshapigiliwa, na misumari mipya.

Mvua ikaanza. Juu ya mabati mvua huwa na kelele, watu wa nyumba moja hawasikilizani. Lakini mabati ya Nyamizi yalikuwa na nyasi za serikali juu yake, kwa hiyo ndani palikuwa kimya kabisa, na sauti za ng'ambo ya njia zilifika zote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kiganja mgongoni mwa mwanawe, akamsikia Semeni anafanya mazoezi. Kwanza kidogo, kama anayezuia. Halafu anakiachia. Kisha makofi ya mtu mmoja, ya furaha. Kikohozi, makofi. Kikohozi, makofi.

Halafu kikaja kikohozi ambacho hakikungoja makofi. Kikafuatwa na kingine, na kingine juu yake, na makofi yakawa yanakikimbilia kwa nyuma, yakiwa yamechelewa.